UZI: Pofu, tandala, bongo, nzohe na pongo: kwa nini majina yao ya kisayansi hayatulii?

Pembe_Msokoto (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna swali linajirudia kwenye nyuzi za wanyamapori na kila mara linajibiwa juu juu: jina sahihi la kisayansi la pofu ni lipi? Vitabu vingi vya mwongozo vya miaka ya 1990 vinaandika Taurotragus oryx. Orodha ya IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi) ya spishi zilizo hatarini imemwandika Tragelaphus oryx. Mnyama ni yule yule, mwenye ngozi inayoning'inia shingoni na magoti yanayolia tk, tk akitembea. Majina mawili yametoka wapi?

Jibu fupi ni kwamba yote mawili yamefuata sheria za kutaja wanyama. Jibu refu ndilo uzi huu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: mabadiliko haya yana sababu, na baadhi yake yanaamua mnyama gani apewe walinzi na fedha na yupi asahaulike. Kwa hiyo yatuhusu.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Ndani ya familia ya ng'ombe kuna kundi linaloitwa Tragelaphini, swala wenye pembe za msokoto. Kwa hesabu iliyozoeleka wako tisa: pongo (wengine mnamwita mbawala), nzohe wa kwenye vinamasi, tandala mkubwa, tandala mdogo, bongo, nyala wa kusini mwa Afrika, nyala wa milimani ambaye yuko Ethiopia peke yake, pofu, na pofu mkubwa wa Afrika ya magharibi na kati. Tanzania tunao watano: pongo, nzohe, tandala wote wawili na pofu. Kenya inaongeza bongo.

Pembe zao hazina matawi wala hazidondoki kila mwaka. Zimejisokota, na kuna ukingo unaofuata msokoto huo toka kwenye paji kwenda juu. Ukipata kushika pembe ya tandala mkubwa dume aliyekomaa, fuata ukingo kwa kidole. Utakuwa umezunguka karibu mara mbili na nusu kabla hujafika kwenye ncha. Kwa tandala, pongo, nzohe na nyala, majike hayana pembe. Kwa bongo na pofu, majike nayo yanazo. Kumbukeni hilo la majike, maana limeleta mvutano mkubwa kwenye majina.

Sasa historia. Mfumo wa majina mawili kwa wanyama unahesabiwa kuanzia 1758, kitabu cha Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Uswidi. Mwaka 1766 kijana wa Kijerumani, Peter Simon Pallas, akiwa Uholanzi kati ya makusanyo ya ngozi, pembe na michoro iliyofika huko kwa meli, alitoa majina kwa watatu wa kundi letu: Antilope scripta (pongo), Antilope strepsiceros (tandala mkubwa) na Antilope oryx (pofu). Wakati ule karibu kila swala alitupwa kwenye jenasi moja (jenasi ni kundi la spishi ndugu, na ndiyo sehemu ya kwanza ya jina), Antilope. Hakukuwa na namna ya kusema tandala ana undugu na pongo kuliko alivyo na swala pala.

Hapo pia ndipo ulipozaliwa mkanganyiko unaowasumbua waongoza watalii mpaka leo. Pofu aliitwa "oryx", wakati mnyama tunayemwita choroa ndiye yuko kwenye jenasi Oryx. Jenasi hiyo ilikuja baadaye, 1816, na mtu aliyeiandika, Henri de Blainville, ndiye aliyeandika pia Tragelaphus mwaka huo huo. Jina la Pallas limebaki kwa pofu kwa sababu sheria inalinda jina lililotangulia, hata kama linapotosha.

Baada ya Blainville kila mtaalamu alikuja na jenasi yake. Hamilton Smith, 1827: Strepsiceros kwa tandala. Wagner, 1855: Taurotragus kwa pofu. Mwaka 1900: Limnotragus kwa nzohe. Oldfield Thomas, 1902: Boocercus kwa bongo. Edmund Heller, yule aliyezunguka Afrika Mashariki na msafara wa Roosevelt 1909 hadi 1910, mwaka 1912 akatoa mbili kwa mpigo: Nyala, na Ammelaphus kwa tandala mdogo. Yaani wanyama tisa, jenasi saba. Karibu kila mmoja alikuwa na nyumba yake.

Kisha upepo ukageuka, wataalamu wakaanza kuunganisha. Kufikia toleo la tatu la orodha kubwa ya mamalia wa dunia ya Wilson na Reeder, 2005, zilibaki jenasi mbili tu: Tragelaphus yenye wanyama saba, na Taurotragus ya pofu wawili. Huu ndio mpangilio wengi wetu tulioukuta kwenye vitabu.

Tatizo likaletwa na vinasaba. Vilipopimwa, pofu hakukaa pembeni kama binamu wa mbali. Alikaa katikati ya wenzake, jirani kabisa na tandala mkubwa. Waliotengana mapema na wengine wote ni nyala wa kusini na tandala mdogo. Tazameni hata kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba: tandala mkubwa dume ana 31 na jike 32, pofu dume 31, jike 32. (Dume anapungukiwa moja kwa sababu kromosomu ya kiume imeungana na nyingine.) Nyala dume ana 55, jike 56. Nyala na tandala mkubwa waliachwa jenasi moja, pofu akatolewa nje. Ni sawa na kuhesabu wajukuu wa babu mmoja, ukamruka mmoja aliyezaliwa katikati kwa sababu tu ni mnene.

Ukigundua hivyo una njia mbili halali. Ya kwanza, umrudishe pofu ndani, wote tisa wawe jenasi moja. Kwa kuwa Tragelaphus ya 1816 ni kongwe kuliko Strepsiceros na Taurotragus, jina hilo ndilo linalobaki, na pofu anakuwa Tragelaphus oryx. Hii ndiyo njia ya IUCN. Ya pili, umwache pofu na Taurotragus yake, lakini uivunje Tragelaphus: nyala apewe Nyala, tandala mdogo arudishiwe Ammelaphus, tandala mkubwa Strepsiceros. Hii ndiyo njia waliyoichukua Colin Groves na Peter Grubb kwenye kitabu chao cha 2011.

Mimi nipo na njia ya kwanza. Jenasi moja yenye wanyama tisa wanaofanana pembe, mistari na damu inamwambia msomaji jambo la maana kuliko jenasi tano, nyingine zenye mkazi mmoja.

Nitaendelea na habari ya pongo na ya bongo. Maswali yaje tu.

---

Mzee_wa_Rungwa

Mleta uzi, asante kwa kazi nzuri. Ila mimi nina dukuduku. Nimekaa porini maisha yangu yote ya kazi. Pofu ni pofu. Tandala ni tandala. Babu zetu hawakuhitaji mkutano wa kubadili majina. Hawa wataalamu wanabadilisha kila baada ya miaka, na sisi tunaotakiwa kujaza fomu tunabaki tunafuta na kuandika upya. Nani anafaidika?

---

Pembe_Msokoto

Shikamoo mzee. Hoja yako nzito na siipuuzi.

Jina letu la Kiswahili linajibu swali moja: ni mnyama gani huyo? Jina la kisayansi linabeba mawili: ni mnyama gani, na ni ndugu wa nani? Sehemu ya pili ya jina, ile oryx au strepsiceros, ndiyo inayojibu swali la kwanza, na mzee ukitazama haijabadilika tangu 1766. Miaka zaidi ya 250. Kinachosogea ni sehemu ya kwanza, ile ya undugu, kwa sababu elimu ya undugu inaongezeka. Kwenye fomu zako, ukishika sehemu ya pili, hutapotea hata jenasi ikibadilika.

Na faida ipo. Majina yetu ya Kiswahili yenyewe yanatofautiana mahali na mahali: pongo na mbawala kwa wengine ni mnyama mmoja, kwa wengine wawili. Bila jina moja linalosomeka Dar, Dakar na Moscow, takwimu za nchi mbili haziwezi kujumlishwa.

---

Neema_Mweka

Habari kaka. Mimi niko masomoni, usimamizi wa wanyamapori. Naomba kuuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kunifafanulia: kwa nini kwenye vitabu wengine wanaandikwa na mabano na wengine bila? Mfano Tragelaphus spekii Speke, 1863 haina mabano, halafu Tragelaphus oryx (Pallas, 1766) inayo. Mhadhiri alisema tunakili kama ilivyo.

---

Pembe_Msokoto

Dada Neema, hili nilitamani mtu aliulize.

Mabano ni alama ya kuhama. Kama aliyetoa jina alimweka mnyama kwenye jenasi ile ile tunayotumia leo, jina lake linaandikwa wazi. Kama mnyama amehamishwa jenasi, jina la mtoaji linawekwa kwenye mabano. Pallas alimwandika pofu kama Antilope. Leo yuko Tragelaphus. Kwa hiyo mabano. Nzohe aliandikwa Tragelaphus tangu siku ya kwanza, hakuna mabano.

Jipime na huyu: nyala wa milimani, Tragelaphus buxtoni (Lydekker, 1910). Ukiona mabano unajua papo hapo kuwa Lydekker hakumweka kwenye Tragelaphus. Ni kweli, alimwandika Strepsiceros buxtoni, akimwona ni jamaa wa tandala. Mnyama mkubwa namna ile, dume lake linapita kilo 200, alikaa kwenye milima ya Ethiopia bila wanasayansi wa Ulaya kumjua mpaka Ivor Buxton alipompiga risasi mmoja mwaka 1908. Na ingawa anaitwa nyala, vinasaba vinamweka mbali na nyala wa kusini. Yuko upande wa pongo, nzohe na bongo.

Jambo jingine la kuangalia ni mwisho wa neno. Antilope inachukuliwa kuwa ya kike kwa Kilatini, ndiyo maana Pallas aliandika scripta. Tragelaphus ni ya kiume, hivyo pongo akawa scriptus. Hilo si kosa la uchapaji, ni upatanisho wa kisarufi, kama sisi tunavyosema mti mrefu na kiti kirefu.

---

Saiwa_Kinamasini

Salamu kutoka Kitale. Hapa kwetu tuko na Saiwa Swamp, mbuga ndogo kuliko zote Kenya, kilomita za mraba karibu tatu pekee, iliyotengwa 1974 kwa ajili ya nzohe. Ukipanda kwenye mnara asubuhi na mapema unamwona akitembea juu ya matete yaliyolala, kwato zake ndefu zimepanuka, hazami. Watalii huniuliza kuhusu huyo Speke. Ni Speke yule yule wa chanzo cha Nile? Na ni kweli alijipa jina mwenyewe?

---

Pembe_Msokoto

Ni yule yule ndugu yangu, na kisa chenyewe kimetokea upande huu wa Ziwa Victoria.

Speke alifika Karagwe, leo mkoa wa Kagera, mwishoni mwa 1861, akakaribishwa na Mfalme Rumanyika. Karibu na hapo kuna ziwa dogo ambalo yeye alilibandika jina la Kiingereza, Little Windermere. Huko ndiko alikomwona nzohe. Kwenye kitabu chake cha safari cha 1863 anamtaja kwa jina alilolisikia kwa wenyeji, akiliandika nzoé, na anaeleza kuwa mtaalamu Philip Sclater wa London amempa jina Tragelaphus spekii. Sasa, Sclater mwenyewe alichelewa. Maelezo yake yalichapwa 1864. Sheria inamtambua aliyetangulia kuchapisha jina pamoja na maelezo ya mnyama. Kwa hiyo kwa miaka mingi vitabu viliandika Sclater kuwa ndiye mtoaji, baadaye wakafanya hesabu ya tarehe na kumwandika Speke. Hakukusudia kujiita, lakini kisheria ndiye mtoaji wa jina linalomheshimu yeye mwenyewe.

Na zile "ii" mbili mwishoni ziachwe hivyo hivyo. Utakutana na spekei kwenye vitabu vingi, lakini tahajia ya kwanza ndiyo inayolindwa.

Tangu 2019 tuna Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe. Mfalme amepata hifadhi, mgeni wake amepata mnyama. Mimi binafsi ningependa ingekuwa kinyume, au walau jina la wenyeji lililoandikwa kwenye ukurasa ule ule lingepewa nafasi.

---

Mzee_wa_Rungwa

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kijana. Wenyeji walimwambia anaitwa nzohe. Ameandika kabisa. Halafu London wanampa jina la mpita njia. Kama majina yanabadilika kila siku kwa ajili ya undugu, kwa nini yasibadilike kwa ajili ya haki?

---

Pembe_Msokoto

Mzee, swali hilo liko mezani duniani kote sasa hivi. Wataalamu wa mimea walipokutana Madrid 2024 walipiga kura kuondoa mzizi wa neno la matusi lililokuwa likitumika kwa Waafrika, lile la "caffra", na kuweka "affra" kwenye majina ya mimea zaidi ya mia mbili. Upande wa wanyama, Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama imesema haitafuta majina kwa misingi hiyo, kwa hoja kwamba uthabiti unatangulia.

Naielewa hoja ya uthabiti, nimeitetea hapo juu. Lakini nasimama na wewe kwenye jambo moja: kwa spishi mpya zitakazoelezwa kutoka ardhi yetu, hakuna sheria inayozuia jina la mahali au la lugha ya wenyeji. Hapo uamuzi ni wa anayeandika, na vijana kama Neema ndio watakaoandika.

---

Ubao_wa_Getini

Mimi ni mwongoza watalii, Ruaha. Tandala mkubwa na tandala mdogo wote wako kwetu, wageni wanakuja kwa ajili yao. Mwaka jana mgeni mmoja alinibishia mbele ya gari zima kwamba tandala mdogo siku hizi ni Ammelaphus australis na tandala mkubwa wamekuwa spishi nne. Alikuwa na kitabu kikubwa cha rangi. Nikanyamaza. Alikuwa sahihi?

---

Pembe_Msokoto

Alikuwa anasoma mpangilio wa Groves na Grubb, ambao uliingia pia kwenye juzuu la wanyama wenye kwato la ensaiklopidia ya mamalia wa dunia, mwaka huo huo wa 2011. Ndani yake tandala mdogo wamegawanywa wawili, tandala mkubwa wanne, na pongo wanane. Kwa familia nzima ya ng'ombe spishi ziliruka kutoka 143 hadi 279. Mbuzi mawe, ambaye sisi sote tunamjua kuwa mmoja, akawa kumi na moja.

Kigezo chao kilikuwa hiki: kama wanyama wa eneo fulani unaweza kuwatofautisha na wengine wote kwa alama isiyokosekana, ni spishi. Kwa maandishi kinaonekana safi. Kwa vitendo, sehemu nyingi walikuwa na mafuvu machache tu ya kupima kutoka eneo moja, na ukiwa na machache ni rahisi kuona tofauti ambayo ingefutika ukiongeza mengine. Mwaka 2013 Rasmus Heller na wenzake waliuliza waziwazi kwenye jarida la Systematic Biology kama kweli spishi hizo zimekuwa mara mbili ya tulivyodhani, na Frank Zachos na wenzake nao wakaandika kuonya juu ya kuumuka kwa idadi ya spishi.

Kwa hiyo mgeni wako hakubuni, ila alikichukua kitabu kimoja kama hukumu ya mwisho. Ungeweza kumwambia: "Huo ni mpangilio mmoja, IUCN wanatumia mwingine, na mnyama anayekula majani pale ni Tragelaphus imberbis kwa huo wa pili." Hilo ni jibu la mtaalamu, na ni la kweli.

Lakini sitaki tuwatupe Groves na Grubb kapuni. Kwenye pongo walikuwa wanagusa kitu cha kweli.

Mwaka 2007 Yoshan Moodley na Michael Bruford walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya pongo kutoka sehemu nyingi za Afrika. Walikuta makundi mawili makubwa. Moja ni la magharibi na kati: wadogo, wekundu, wenye mistari na madoa meupe mengi kama waliofungwa hatamu. Ndio wa jina la Pallas, scriptus, ambalo asili yake ni Senegal. La pili ni la mashariki na kusini: wakubwa kidogo, weusi zaidi, mistari michache. Hao wana jina lao pia, sylvaticus, alilotoa Msweden Anders Sparrman 1780 kwa pongo wa Rasi (Cape, Afrika Kusini). Pongo wetu wa Tanzania na Kenya ni wa kundi hili la pili.

Jambo la ajabu likaja walipolinganisha na jamaa wengine. Kwa vinasaba vya mitochondria, vile vinavyotoka kwa mama peke yake, pongo wa magharibi alisogea upande wa nyala wa kusini, na pongo wa mashariki upande wa nzohe na bongo. Yaani mnyama tuliyemwita mmoja alikuwa kama ametoka matumbo mawili tofauti! Baadaye Alexandre Hassanin na wenzake, 2018, waliongeza vinasaba vya kiini, vinavyotoka kwa baba na mama, na kuangalia kromosomu. Hapo pongo wote wawili wakarudi karibu. Maelezo yao: zamani sana mababu wa pongo wa magharibi walizaliana na mnyama wa upande wa nyala ambaye leo hayupo tena, wakabaki na mitochondria yake. Kromosomu zao pia zinatofautiana mno. Wakapendekeza spishi mbili: Tragelaphus scriptus na Tragelaphus sylvaticus.

Mimi mbili nazikubali. Nane, bado sijashawishika. IUCN mpaka kwenye tathmini yao ya 2016 wameendelea kumhesabu pongo kuwa mmoja, hana hofu ya kutoweka.

---

Neema_Mweka

Kwa hiyo kumbe chotara wanaweza kuzaliwa kati ya spishi hizi? Nilifundishwa spishi mbili hazizaliani.

---

Pembe_Msokoto

Kanuni hiyo ya darasani ni ya kuanzia, kisha inalegea. Kwenye mazizi ya kufugia amewahi kuzaliwa chotara wa pofu na tandala mkubwa, dume, na uchunguzi ulionyesha hazai. Bongo na nzohe nao wamewahi kupata watoto pamoja. Linganisha na kromosomu nilizotaja: pofu na tandala mkubwa wana idadi sawa, ndiyo maana mimba inaweza kushika ingawa mtoto hazai. Huu nao ni ushahidi wa undugu wao, uliokuwepo kabla mashine za vinasaba hazijawa za kawaida.

---

Mtu_wa_Ituri

Jambo wote. Mimi niko Bunia, Kongo. Bongo tuko naye kwenye msitu wa Ituri, wazee wanamjua sana. Nasikia Kenya wanasema bongo wao anakaribia kuisha na wanaletewa wengine kwa ndege kutoka Amerika. Kama ni mnyama mmoja, kwa nini wasichukue huku kwetu? Ni karibu.

---

Pembe_Msokoto

Karibu sana ndugu. Umegusa mahali ambapo jina linageuka kuwa uhai na kifo.

Bongo wako alielezwa na Ogilby 1837, Antilope eurycerus. Bongo wa Kenya alielezwa na Oldfield Thomas 1902 kwa mnyama aliyepatikana Eldama Ravine na mtu aitwaye Isaac, ndiyo maana akaitwa isaaci. Thomas ndiye aliyemjengea bongo jenasi ya peke yake, Boocercus, na majike kuwa na pembe kulitumika kama hoja. Jenasi ile imekufa, lakini isaaci imebaki kama jina la tatu, yaani nususpishi: Tragelaphus eurycerus isaaci, bongo wa milimani. Anapatikana Kenya tu, kwenye misitu ya Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Waliobaki porini wanakadiriwa kuwa chini ya mia moja.

Sasa angalia orodha. Bongo kama spishi nzima yuko kwenye daraja la "karibu na hatari", kwa sababu nyie wa misitu ya Kongo na nchi za jirani mnao wengi. Bongo wa milimani peke yake yuko kwenye daraja la hatari kubwa kabisa, hatua moja kabla ya kutoweka porini. Ukikata jina la tatu kwenye ripoti, mnyama asiyefika mia anajificha nyuma ya maelfu wa bondeni, na anayegawa fedha haoni dharura yoyote.

Ndiyo maana hawakuja kuchukua Ituri. Miaka ya 1960 na 1970 bongo wengi wa Aberdare walikamatwa na kupelekwa bustani za wanyama ng'ambo. Wajukuu wa hao ndio wanaorudishwa: 18 walikuja 2004, wakapelekwa kwenye kituo cha kuwazalisha karibu na Nanyuki, na Februari 2025 wakaja wengine 17 kutoka Florida. Ni bongo wa milimani wanaorudi mlimani.

---

Saiwa_Kinamasini

Nathibitisha hilo la Nanyuki. Mwaka 2022 walifungua pia hifadhi ya Mawingu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, bongo wanaingizwa humo wajifunze kujitafutia msituni kabla ya kuachwa huru kabisa. Je, hali kama hii ipo kwa wengine wa kundi hili?

---

Pembe_Msokoto

Ipo, na ni mbaya vilevile. Pofu mkubwa, Tragelaphus derbianus, jina alilotoa Gray 1847 kwa heshima ya Lord Derby wa Uingereza. Wa mashariki, Kamerun na Jamhuri ya Afrika ya Kati, wako maelfu. Wa magharibi, derbianus derbianus, amebaki Senegal, kwenye Hifadhi ya Niokolo-Koba, chini ya mia mbili porini. Mwaka 2000 wachache walikamatwa wakapelekwa hifadhi ya Bandia, na kundi linalozalishwa leo limetoka kwa hao. Hapo tena, jina la tatu ndilo linalotofautisha tulivu na dharura.

---

Ubao_wa_Getini

Nimeelewa vizuri sana. Sasa tuseme naandaa kipeperushi kwa wageni. Niandike vipi bila kubishiwa tena?

---

Pembe_Msokoto

Jina la Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa. Chini yake la kisayansi kwa mlazo, jenasi kwa herufi kubwa ya mwanzo na spishi kwa ndogo: *Tragelaphus strepsiceros* kwa tandala mkubwa, *Tragelaphus imberbis* kwa tandala mdogo, *Tragelaphus oryx* kwa pofu. Mwishoni mwa kipeperushi weka mstari mmoja: "Majina yamefuata orodha ya IUCN", na mwaka ulioisoma. Ukitaka kumsaidia mwenye kitabu cha zamani, kwenye pofu ongeza "zamani Taurotragus". Kwa pongo andika *scriptus* ukifuata IUCN, na ukiwa na nafasi ongeza kwamba watafiti wengine wanamwita *sylvaticus*, kwa sababu mgeni atakayekuuliza hilo atakuwa anajua anachouliza.

Na kwa ndugu yetu wa Kitale: ukichapa cha bongo, yaandike majina yote matatu. Mchapaji akikuambia mstari umekuwa mrefu, apunguze picha.